Mwenye uchungu ahesabiwe saa, asihojiwe dhambi

KATIKA kijiji kimoja cha Bonde la Rukwa, chini ya ule ukingo mrefu ambao wenyeji huuita Lyamba lya Mfipa, niliwahi kuhudhuria maziko ya mwanamke kijana aliyefariki na mtoto wake akiwa bado tumboni. Imamu alituswalisha, kisha akatukumbusha kwamba mwanamke anayefariki kwa sababu ya uzazi amehesabiwa na Mtume (s.a.w.) miongoni mwa mashahidi. Vichwa vikainama. Tulikuwa tumekwisha kuzika na tumeketi mkekani, ndipo nilipoyasikia maneno ambayo hadi leo hayajaniondoka. Mzee mmoja wa ukoo, mtu mpole na mwenye kuheshimiwa, alimnong'oneza mwenzake: "Angetaja mapema, mtoto angetoka."

"Angetaja nini, mzee wangu?" nikamwuliza.

"Mwanangu, mtoto hazuiliwi bure. Palikuwa na mtu mwingine."

Ndugu msomaji, sikupata la kumjibu mzee wangu pale matangani. Hata hivyo niliwauliza akina mama waliokuwa naye, mmoja baada ya mwingine, nikazipanga saa. Uchungu ulimshika Jumanne baada ya swala ya alfajiri. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Adhuhuri chupa ilipasuka, na maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya kijani iliyokolea. Magharibi ilipoingia mtoto alikuwa hajaonekana. Usiku huo, wakati ambapo ilipasa kutafutwa gari, waliketi wakimhoji. Alilia, aliapa, hakutaja mtu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kutajwa. Jumatano asubuhi akanyweshwa dawa ya mizizi ya kuongeza uchungu. Mchana maumivu yalikatika ghafla, na baadhi ya wanawake wakashukuru kwamba sasa amepumzika. Alasiri ndipo alipopakiwa kwenye gari kupandishwa mlimani. Hakufika.

Tangu alfajiri ya Jumanne hadi alasiri ya Jumatano ni zaidi ya saa 30. Kwa mwendo wa gari, hata kwa barabara ile ya kona na makorongo, huo ni muda wa kwenda Sumbawanga mjini na kurudi mara kadhaa. Makala haya yanahusu saa hizo, na namna familia ya Kiislamu inavyopaswa kuzitumia.

Tuanze na ile tuhuma, maana ndiyo iliyokula usiku mzima. Dhana kwamba mtoto hukwama kwa sababu ya zinaa ya mama au ya baba haina kabila moja. Audrey Richards, mtaalamu wa mila aliyeishi na Wabemba katika miaka ya 1930 upande wa pili wa mpaka, katika nchi ambayo leo ni Zambia, aliikuta huko na kuiandika. Imesimuliwa pia katika sehemu nyingi za Tanzania. Wako Waislamu ambao hawakosi swala hata moja lakini mke akichelewa kujifungua hugeuka mahakimu. Lakini Surat An-Nur imeweka sharti la mashahidi 4 kwa anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi, na asiyewaleta akaandikiwa viboko 80 na kukataliwa ushahidi wake. Iwapo hiyo ndiyo hukumu ya anayemsingizia mwanamke mwenye afya aliyesimama kwa miguu yake, msomaji na apime mwenyewe uzito wa kumsingizia aliyelala baina ya uhai na mauti.

Tena tunaye Bibi Maryam. Qur'ani inatueleza kwamba uchungu ulimpeleka hadi kwenye shina la mtende, ukamzidi hata akatamani kuwa angekufa kabla ya siku hiyo na kusahauliwa kabisa. Huyo ni mwanamke aliyetakaswa na kuteuliwa juu ya wanawake wa walimwengu. Kama ugumu wa uchungu ungekuwa alama ya uchafu, basi uchungu wake yeye ungekuwa mwepesi kuliko wa wote. Na tazama alichopewa katika hali ile: alipewa maji ya kunywa na tende mbivu za kula, akaambiwa asihuzunike. Hakuhojiwa. Walimhoji watu, baadaye, nao ndio waliokuwa wakosa. Napenda kuongeza kwamba miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 inapendekeza mwanamke mwenye uchungu wa kawaida aruhusiwe kunywa na kula, jambo ambalo wengi wetu huwanyima wake zetu kwa miaka na miaka bila sababu.

Basi ikiwa si dhambi, ni nini? Wakunga husema uzazi una mambo matatu: nguvu, njia na msafiri. Nguvu ni uchungu wenyewe, yaani kule kukaza kwa mfuko wa uzazi. Njia ni nyonga ya mama pamoja na mlango wa kizazi. Msafiri ni mtoto. Pengine nguvu ni hafifu, uchungu unakuja na kupotea bila kuufungua mlango. Pengine njia ni nyembamba, kama ilivyo kwa binti ambaye mifupa yake haijakomaa, au kwa mwanamke aliyekua kwa udumavu, au aliyewahi kuvunjika nyonga. Pengine msafiri ni mkubwa mno, au kichwa chake kimeelekea vibaya, au ametanguliza matako, au amelala kukingama hata mkono ukatangulia kutoka. Jambo moja katika hayo matatu likienda kombo, uchungu hurefuka. Na pale ambapo mfuko wa uzazi unakaza kwa nguvu zake zote lakini mtoto hawezi kabisa kupita, wataalamu husema huo ni uchungu pingamizi, na hautatoki kwa dua peke yake, wala kwa kukiri, wala kwa mizizi. Hutoka kwa mkono wa mtaalamu, aghalabu kwa kisu.

Mimba ya kwanza ina hila yake. Kabla mlango wa kizazi haujafunguka kiasi cha sentimeta 5, uchungu unaweza kwenda polepole, ukaja na kuondoka, hata kwa siku nzima na zaidi, na bado ukawa uchungu wa kawaida. Baada ya hapo kazi huanza kwa dhati. Kwa miongozo hiyohiyo ya 2018, hatua hiyo ya dhati aghalabu haipiti saa 12 kwa mimba ya kwanza, wala saa 10 kwa mimba zinazofuata. Na kusukuma kwenyewe, mlango ukiwa umekwisha kufunguka wote, hakuzidi kwa kawaida saa 3 kwa mimba ya kwanza na saa 2 kwa nyingine. Lakini nani nyumbani anaweza kujua kwamba zimefika sentimeta 5? Hakuna. Kitanda na taa havipimi. Ndiyo maana hesabu hii haifanywi na mama mkwe barazani. Hufanywa na mkunga mwenye glavu mkononi.

Wakunga wa Afrika wana usemi kwamba jua lisimkute mwenye uchungu mara mbili. Ni usemi wa hekima kwa zama zake, lakini kwa mtu wa Ufipa ninathubutu kusema kwamba jua la pili limechelewa. Sumbawanga mjini pako juu, zaidi ya meta 1,700 toka usawa wa bahari, juu ya uwanda ulioinuka baina ya maziwa mawili. Mashariki ardhi inakatika ghafla kwenda Ziwa Rukwa, kwenye vijiji vya Muze, Mtowisa, Ilemba na Kipeta. Magharibi inaporomoka kwenda Ziwa Tanganyika, kwenye Kasanga, Wampembe, Kipili na Kirando, ambako misikiti ilisimama tangu enzi za misafara na majahazi. Lami ya kutoka Tunduma, iliyotandikwa katika muongo wa 2010, imeufupisha sana mwendo wa watu wa Laela na Mpui. Kwa aliye bondeni au mwambaoni mwa ziwa, ambaye ni lazima apande ukingo wakati wa masika, njia ni utelezi na usiku gari halipatikani kwa urahisi. Mwanamke wa namna hiyo haanzi safari jua la pili linapochomoza. Anapaswa kuwa amekwisha kufika.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Kile kipimo kinachotumiwa katika wodi za wazazi dunia nzima kilibuniwa kwa ajili ya mwanamke wa mbali kama huyu, na kilibuniwa Afrika. Mwaka 1972 madaktari wawili, Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika mji ambao leo ni Harare, walichapisha chati waliyoiita patografu. Walikuwa na kliniki za wakunga zilizotawanyika, na hospitali moja yenye chumba cha upasuaji. Wakachora mstari wa kwanza, wa tahadhari: mwanamke ambaye kufunguka kwa mlango wake kumevuka mstari huo, mkunga wa kliniki amtume hospitali. Saa 4 mbele yake wakachora mstari wa pili, wa kuchukua hatua. Nafasi baina ya mistari hiyo miwili ilikuwa ni muda wa safari. Shirika la Afya Duniani likaijaribu chati hiyo kwa wanawake zaidi ya 35,000 huko Asia ya Kusini-Mashariki, na mwaka 1994 matokeo yalionyesha kwamba uchungu wa kupitiliza ulipungua, na pia watoto waliozaliwa wakiwa wamekufa. Mwaka 2020 Shirika hilo lilitoa chati mpya yenye hesabu nyororo zaidi, kwa kuwa ilibainika kwamba wanawake wengi hufunguka polepole kuliko ule mstari wa zamani na bado hujifungua salama. Fikra ya msingi ni ileile: andika saa, linganisha, na mtume mapema.

Wako wanaosema upasuaji ni mambo ya kigeni, umeletwa ili kuwaharibu wanawake wetu. Hawa nawarudisha nyuma hadi mwaka 1879. Mwaka huo Mwingereza kijana, Robert Felkin, alishuhudia huko Kahura, katika Bunyoro ya Uganda ya leo, mtaalamu wa kienyeji akimpasua mwanamke ambaye uzazi wake wa kwanza ulikuwa umekwama. Mikono na tumbo vilioshwa kwa pombe ya ndizi, mishipa iliyotoka damu ikaguswa kwa chuma cha moto, mtoto akatolewa, kisha jeraha likafungwa kwa pini za chuma na nyuzi za gome na kupakwa dawa ya mizizi. Siku 11 baadaye kidonda kilikuwa kimefunga, na mama na mtoto walikuwa hai. Felkin aliyachapisha hayo Edinburgh mwaka 1884. Mtaalamu yule, jina lake halikuhifadhiwa, hakukaa usiku kumwuliza mwanamke siri zake. Alijua kuwa njia imezibwa, akaitafuta nyingine.

Na sisi Waislamu tuna urithi wetu katika fani hii. Abul-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyemaliza kitabu chake kikubwa cha tiba kiitwacho al-Tasrif mnamo mwaka 1000, aliandika milango maalumu ya kuwafundisha wakunga namna ya kumsaidia mwanamke ambaye mtoto wake amekuja vibaya, mkono kabla ya kichwa au miguu kabla ya mwili, akachora na vyombo vya kazi hiyo. Hiyo ilikuwa miaka zaidi ya elfu moja iliyopita. Ni ajabu kwamba leo, baada ya yote hayo, mtu anaweza kujifungia na mkewe chumbani akidai kwamba anamtegemea Mungu.

Hapa panahitaji uangalifu. Cheo cha shahada kwa mwanamke aliyefariki kwa uzazi ni cha kweli na ni faraja kubwa kwa waliofiwa. Lakini ni cheo cha aliyekufa. Hakimfuti deni yule aliyeketi na ufunguo wa gari mfukoni. Wanavyuoni wamehesabu kuhifadhi nafsi miongoni mwa makusudio makuu ya sheria, na wakaeleza kwamba tabibu mwanamke hutangulizwa anapopatikana, na asipopatikana dharura humruhusu mwanamume kutibu kwa kiasi cha haja. Daktari wa zamu akiwa mwanamume saa 8 za usiku, mjadala wa kumsubiri mwanamke ahame kutoka mkoa wa pili hauna msingi katika fiqhi. Hali kadhalika ruhusa ya mume. Wengi wa waume wa huko wako kwenye kambi za wavuvi, au wamekwenda kulima mpunga bondeni, au wako safarini na simu zimezimwa. Ruhusa hiyo itolewe mwezi wa 7 wa mimba, mbele ya mama mkwe na shemeji, kwa maneno yasiyo na shaka: likitokea lolote, msinisubiri.

Sasa tuyataje yale ambayo mtu wa nyumbani anaweza kuyaona kwa macho yake, bila glavu wala chati. Maji ya chupa yakitoka na rangi ya kijani au kahawia, mtoto amekwisha kujisaidia tumboni na huenda amechoka. Chupa ikipasuka na nusu siku ikapita bila uchungu wa maana, mlango wa maambukizi uko wazi. Mkono, mguu au kitovu kikitangulia kuonekana, asivute mtu wala kusukumiza ndani. Kwa kitovu, mama apige magoti na kuinamisha kifua hadi chini, makalio juu, hali mkitafuta usafiri, kwani mgandamizo wa kichwa juu ya kitovu humkatia mtoto pumzi. Damu nyingi kabla ya mtoto kutoka ni hatari bila mjadala. Kichwa kuuma sana, macho kuona kiza, mwili kukakamaa na kutikisika ni kifafa cha mimba. Hakina uhusiano na mapepo, na tiba yake ni sindano iliyoko hospitali. Homa na harufu mbaya vikiingia, saa zimekwisha kupita kiasi.

Lakini dalili ninayotaka ikae kichwani mwa kila mwanamke wa nyumba kuliko zote ni ile ya akina mama wa kijijini waliyoifurahia. Uchungu uliokuwa mkali ukikatika ghafla na mtoto hajatoka, tumbo likabadilika umbo au likauma pote bila kupumzika, mama akawa na jasho baridi na mapigo ya haraka, huo si mapumziko. Mfuko wa uzazi umepasuka. Damu inavuja ndani ambako hamuioni. Kabla ya hapo, mara nyingine, huonekana mkunjo kama mkanda unaokatiza tumbo baina ya kitovu na kinena; huo ni mfuko unaokaribia kupasuka, na bado kuna nafasi, ingawa ni ndogo.

Na kinachouharakisha mpasuko huo ni zile dawa za kuongeza uchungu. Hebu tufikiri: mlango umezibwa, nawe unaongeza nguvu ya kusukuma. Kitakachovunjika ni kilicho laini. Mizizi ya namna hiyo haina kipimo, hakuna ajuaye kikombe kimoja kina nguvu kiasi gani. Hata sindano ya hospitali ya kuongeza uchungu, oksitosini, hupewa mwanamke kwa matone yanayohesabiwa huku akiangaliwa, baada ya kuhakikisha kwamba njia inapitika. Ikichomwa kiholela na mtu wa duka la dawa huua vilevile. Kadhalika kumkalia au kumkandamiza tumbo kwa magoti, na kumwamuru asukume kabla ya wakati. Nimesikia hayo yakifanywa hata mahali palipopakwa rangi nyeupe, nami siwezi kuyatetea.

Kwa upande mwingine, yapo mambo madogo ambayo husaidia kweli. Mwacheni atembee, akae, apige magoti atakavyo. Akojoe kila baada ya muda mfupi, kwani kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka. Anywe uji, maji, chai. Akilala, alale kwa ubavu, asilale chali. Awe na mwanamke anayemwamini karibu yake, wa kumshika mgongo na kumsomea dua, si wa kumtisha. Ufipa ni nchi ya baridi, hasa Juni na Julai, basi kanga na blanketi kavu za kumpokea mtoto ziandaliwe mapema. Mtoto aliyesumbuka kuzaliwa hupoa upesi.

Akifika kituoni kwa wakati, kinachofuata mara nyingi si kisu. Pengine ni maji ya mshipani, kibofu kutolewa mkojo, na uchungu kuongezwa kwa kipimo. Pengine mtoto aliyekaribia huvutwa kwa kikombe cha mvuto wa hewa kinachowekwa kichwani. Upasuaji hufuata pale ambapo hayo hayafai. Tanzania, tofauti na nchi nyingi, kwa miongo kadhaa iliwaandaa madaktari wasaidizi kufanya upasuaji huu katika hospitali za wilaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka Mwanza na Kigoma ulilinganisha kazi yao na ya madaktari wenye shahada na haukuona tofauti ya maana katika matokeo. Naandika hili kwa wale wanaokataa kusaini karatasi mpaka aje "daktari mkubwa".

Tukiwa Kigoma, jirani zetu wa ziwa moja, tumtaje marehemu Dkt. Godfrey Mbaruku. Alipokuwa katika hospitali ya mkoa huo, hesabu za mwaka 1984 zilionyesha vifo 933 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Yeye na wenzake wakaweka mambo 22 ya kutekeleza, mengi yasiyogharimu fedha nyingi: vikao vya kukichunguza kila kifo, damu ipatikane, vyombo vitunzwe, wahudumu waishi karibu na hospitali, malalamiko ya wananchi yasikilizwe. Kufikia mwaka 1991 idadi ilishuka hadi 186. Reli ileile, ziwa lilelile, umaskini uleule.

Kwa nchi nzima, takwimu za kitaifa zilitaja vifo 556 kwa vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16, na 104 katika ule wa 2022. Ni punguzo kubwa, na wa kushukuriwa ni wengi. Nyuma ya kila kifo kilichobaki, watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walikwisha kutuonyesha mwaka 1994 kwamba kuna machelewo matatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. La tatu ni la serikali na hospitali, tuendelee kuwadai. La pili ni la barabara na magari. La kwanza ni letu ndani ya nyumba, na marehemu wa Jumatano ile alimalizwa na hilo la kwanza.

Wapo pia wanaopona na kubaki na jeraha ambalo huona haya kulisema. Kichwa cha mtoto kikikwama nyongani kwa siku mbili, nyama iliyobanwa baina ya mifupa hukosa damu, ikafa, likabaki tundu. Mkojo, au hata haja kubwa, huvuja bila kizuizi. Hiyo ndiyo fistula. Wengi huzaa mtoto mfu na baadaye kuachwa na waume zao. Wengine huacha swala kabisa kwa kudhani hawana tohara, ilhali fiqhi inawafahamu: mwenye dharura ya kuvujwa mkojo hujisafisha, akajihifadhi kwa kitambaa, akatawadha wakati wa swala unapoingia, na swala yake ni sahihi. Zaidi ya hayo inatibika. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam huwatengeneza bila malipo, na tangu mwaka 2009 imekuwa ikiwatumia wagonjwa nauli kwa njia ya simu ili umbali usiwe kizuizi. Mwenye jirani anayejitenga na harufu yake amfikishie habari hii.

Basi mimba ikifika mwezi wa 7, mume na mke wakae na kadi ya kliniki na wamwulize muuguzi maswali ya wazi. Mtoto ametangulizaje? Zahanati yetu ina mtu usiku? Chumba cha upasuaji kilicho karibu ni kipi, na kutoka hapa ni saa ngapi masika? Aliyewahi kupasuliwa, aliye mfupi sana, aliye chini ya miaka 18, mwenye mapacha, au aliyewahi kupoteza mtoto kwa kukwama, huyo asipange kabisa kuzalia kijijini. Ahamie karibu na hospitali wiki mbili au tatu kabla ya siku zake, kwa ndugu au katika nyumba ya kusubiria. Watafutwe mapema ndugu wawili wa kutoa damu. Fedha za mafuta ziwekwe mahali panapojulikana na zaidi ya mtu mmoja. Na namba 115 iandikwe ukutani: ni ya mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2022. Simu ni ya bure. Anayepokea hutafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwapo humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mpango, si na mgonjwa. Ni kwa mja mzito, kwa mzazi hadi siku 42, na kwa mtoto hadi siku 28.

Marehemu yule alikuwa na mdogo wake, aliyeolewa kijiji hichohicho. Mwaka uliofuata naye alishika mimba. Nilipata habari kwamba mwezi wa 8 ulipotimia alipandishwa mlimani, akakaa kwa shangazi yake mjini Sumbawanga, na uchungu ulipomshika alikuwa wodini kabla ya saa 2 kupita. Alipasuliwa. Mtoto ni wa kiume. Nauli ya kumpandisha, naambiwa, ilitolewa na mzee yule niliyeketi naye mkekani. Sikumwuliza kama ameyarudi maneno yake.